Vibati vya Namba Kwenye Miti: Utafiti Huu ni wa Nani?

Swali: Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji kimoja katika Wilaya ya Uvinza, mkoani Kigoma. Kwa miaka sita sasa watafiti wa vyuo, Watanzania kwa wageni, huja kila kiangazi wakapima miti, wakafunga kamera, wakaokota kinyesi cha sokwe, kisha wakaondoka. Mwaka huu tumeambiwa kwamba mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji utapitiwa upya kwa kutumia matokeo yao. Wananchi wanauliza utafiti huo ni wa nani, unasaidiaje kusimamia ardhi, na sisi tuna sauti gani ndani yake. Vijana wengine wameanza kung'oa vibati vya namba vilivyopigiliwa kwenye miti. Niwaambie nini?

Jibu:

Ndugu Katibu, nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu mimi ni mmoja wa hao wanaokuja kiangazi na futi kamba, nyundo na daftari. Nimefanya kazi kwenye misitu ya miombo ya Tabora na Kigoma kwa muda mrefu, na naamini wananchi wenu wana haki kamili ya kuuliza. Nitajibu bila kuwatetea wenzangu pale wasipostahili kutetewa.

Tuanze na ardhi yenyewe. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inasema kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ardhi ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ardhi hiyo imegawanywa katika makundi matatu, yaani ardhi ya kijiji, ardhi ya hifadhi na ardhi ya jumla, na kila kundi lina msimamizi wake. Halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi ya kijiji. Hifadhi za taifa ziko chini ya TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa. Misitu ya hifadhi ya serikali kuu iko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu. Na ipo pia misitu ya hifadhi iliyo mikononi mwa halmashauri za wilaya. Sasa fikiria moto unaowashwa na mtu anayesafisha shamba mwezi wa tisa. Unaanza kwenye ardhi ya kijiji, unavuka korongo na kuingia msitu wa halmashauri, na siku ya tatu uko ndani ya hifadhi. Kila ofisi itaandika kipande chake tu cha moto ule, na hakuna hata moja itakayoujua wote. Kundi la sokwe nalo linaweza kulala leo kwenye miti ya bonde la kijiji chenu na kesho kutwa likalala upande wa pili wa mpaka. Utafiti wa ushirikiano unahitajika hapo: chuo, taasisi za serikali, halmashauri na kijiji wanakubaliana kupima jambo moja, kwa njia moja, pande zote za mpaka, na kila mmoja anapata nakala ya kilichopimwa.

Mfano mkubwa mnao nyumbani. Jane Goodall, Mwingereza mtafiti wa sokwe, alifika Gombe, hapo hapo Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, tarehe 14 Julai 1960, eneo lile likiwa bado pori la akiba, na mwaka 1968 likawa hifadhi ya taifa. Jina lake linajulikana duniani kote, lakini napenda vijana wenu wajue pia habari ya Mei 1975, wakati watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya ziwa walipowateka wanafunzi wanne waliokuwa wakifanya utafiti pale. Baada ya tukio hilo wageni hawakuweza tena kukaa Gombe kama zamani, na kama utafiti ungekuwa wao peke yao, ungekufa mwaka ule. Haukufa, kwa sababu wasaidizi wa utafiti Watanzania, watu kama Hilali Matama, Hamisi Mkono na Eslom Mpongo, waliendelea kupanda milima kila asubuhi, kuwafuata sokwe mpaka wanapojenga viota vya kulalia, na kuandika waliyoyaona, kwa Kiswahili. Maandishi yale ya Kiswahili ni sehemu ya kumbukumbu ndefu kuliko karibu zote zilizopo duniani kuhusu wanyama wa porini, na mtaalamu anayechambua maisha ya sokwe wa Gombe leo anasimama juu ya madaftari hayo. Kwa hiyo mtu akisema utafiti ni wa wageni, mkumbushe ni mikono ya nani iliyoushika ulipokuwa karibu kuanguka.

Umegusia kinyesi, na najua kinachekesha wengi kijijini. Kwenye kinyesi kibichi kilichookotwa kwa glavu na kuwekwa kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhi, maabara inaweza kusoma vimelea, virusi, hata ukoo wa mnyama, bila mtu kumgusa wala kumpiga sindano ya usingizi. Kwa njia hiyo watafiti wa Gombe waliweza kutangaza mwaka 2009 kwamba virusi vya sokwe vya jamii moja na VVU huwaua sokwe wenyewe, na kwamba sokwe walioambukizwa walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao wa umri wao wasioambukizwa. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kwamba nyani na sokwe wanaishi na virusi hivyo bila madhara. Meneja wa hifadhi anayeona idadi ya sokwe inapungua anahitaji sana kujua kama wanapunguzwa na ugonjwa, majangili au upungufu wa chakula, kwa maana kila sababu ina dawa yake, na fedha ya doria haiwezi kutibu virusi.

Huko Mahale, kusini zaidi kando ya ziwa hilo hilo, Toshisada Nishida na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza kazi mwaka 1965 wakisaidiwa na Watongwe, wenyeji walioujua mlima ule, na hifadhi ya taifa ikatangazwa mwaka 1985. Mwaka 2006 ugonjwa mfano wa mafua makali ulipita katika kundi la sokwe lililozoea watu, na kadhaa wakafa. Watafiti waliokuwa wakiwajua sokwe hao mmoja mmoja waliweza kusema nani aliugua lini, na leo mgeni hakaribii sokwe wa Mahale bila barakoa. Uamuzi huo wa usimamizi ulitoka moja kwa moja kwenye daftari.

Lakini sehemu kubwa ya sokwe wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi za taifa, na wilaya yenu ni mojawapo ya mahali hapo. Ndiyo sababu bonde la Issa, ambalo nalo liko nje ya hifadhi za taifa, limekuwa na watafiti tangu mwaka 2005, na ndiyo sababu kijiji chenu kinapata wageni wenye kamera. Kwenye ardhi ya namna hiyo hakuna askari wa TANAPA wa kuamua. Wanaoamua ni ninyi, kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la moto, kwa sababu ndilo ninaloliona kila mwaka na kwa sababu hakuna jambo linaloonyesha vizuri zaidi faida ya kupima kwa muda mrefu. Mwaka 1933 maofisa wa misitu wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walitenga ploti karibu na Ndola, katika miombo ya aina ile ile tuliyo nayo sisi, yenye mitundu na miyombo. Ploti nyingine walizichoma mapema kila mwaka, majani yakiwa bado na unyevunyevu. Nyingine walizichoma mwishoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka kabisa. Nyingine walizizuia moto usiingie hata kidogo. Mwaka wa kwanza mtu asingeona tofauti yoyote ya maana, na hata mwaka wa tano mtu angeweza kubisha. Baada ya miongo miwili hapakuwa na ubishi tena: palipochomwa mapema miombo ilisimama, na palipochomwa mwishoni mwa kiangazi miti ilikuwa imekwisha na nyasi zimetawala. Moto wa mapema hupita chini na kuacha machipukizi hai. Moto wa mwezi wa tisa au wa kumi huunguza machipukizi yote, mwaka baada ya mwaka, mpaka miti mikubwa inapozeeka na kuanguka bila warithi. Kijiji kinachoandika katika sheria ndogo zake kwamba uchomaji wa kinga ufanyike mwezi wa tano au wa sita kinatumia matokeo ya ploti zile, hata kama hakuna mjumbe wa kamati aliyewahi kusikia jina la Ndola.

Wazee wenu walijua jambo hili kabla ya 1933. Warina asali wa Unyamwezi na Uha wamekuwa wakichoma mapema kuzunguka miti yenye mizinga tangu zamani, kwa kuwa mzinga hauwezi kuvumilia moto wa mwisho wa kiangazi. Utafiti uliongeza kipimo, yaani ni kiasi gani, kwa muda gani, na nini hutokea usipofanya. Maarifa ya mrina asali na kipimo cha mtafiti vinapokutana mezani, mpango wa ardhi unakuwa na miguu miwili.

Sasa nije kwenye ramani, kwa sababu mpango wenu unapitiwa upya na bila shaka mtaletewa ramani iliyotokana na picha za setilaiti. Picha za Landsat zinakwenda nyuma hadi mwaka 1972 na tangu 2008 zinatolewa bure, kwa hiyo mtu anaweza kuonyesha msitu wa Uvinza ulivyokuwa kabla ya vijana wenu kuzaliwa. Ni hazina kubwa. Hata hivyo mraba mmoja mdogo wa picha ya Landsat ya kawaida una upande wa mita 30, na kompyuta huupa mraba mzima jina moja: msitu, shamba au nyasi. Haijui kilichomo chini yake.

Nakumbuka siku moja katika kijiji kilicho kati ya Uvinza na ziwa, tulitandaza picha kama hiyo kwenye sakafu ya ofisi ya kijiji na kuikandamiza pembeni kwa mawe ili upepo usiikunje. Nilikuwa nimepaka kijani kizito sehemu moja karibu na kijito na kuandika "msitu mnene". Mama mmoja mtu mzima alipiga magoti, akafuata kijito kwa kidole mpaka akafika pale, akasema, "Hapa hapana msitu, mwanangu. Hii ni miembe yetu. Hapa ndipo tulipokuwa tunakaa kabla ya kuhamishiwa kijijini, na mama yangu amezikwa hapa." Tulikwenda kesho yake. Ilikuwa miembe mikubwa iliyoshikana matawi, na chini yake mafiga ya mawe na matuta ya makaburi. Kwa setilaiti miembe na msitu wa kando ya kijito ni kijani kile kile. Kama ramani yangu ingepita bila macho ya mama yule, makaburi ya ukoo wake yangeingizwa ndani ya msitu wa hifadhi wa kijiji, na mtu anayekwenda kusafisha kaburi la mzazi wake angekuwa mvunja sheria. Tangu siku hiyo sijawahi kukubali ramani ya matumizi ya ardhi ambayo haijakanyagwa na wenyeji.

Vijiji vinavyoizunguka Gombe vilifanya kazi ya namna hii kwa upana zaidi. Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE mwaka 1994, baada ya kuonekana kwamba milima nje ya hifadhi imebaki mitupu wakati ndani bado kuna msitu. Wananchi walipoulizwa shida zao hawakuanza na miti. Walitaja afya, maji na shule, na mradi ukalazimika kubeba mambo hayo pia. Baadaye picha za setilaiti zenye uwezo wa kuonyesha paa la nyumba moja zililetwa vijijini, watu wakazisoma wenyewe wakitaja mito na vilima kwa majina yake, na kufikia mwaka 2009 vijiji 13 vilikuwa vimekamilisha mipango ya matumizi ya ardhi na kutenga hekta zipatazo 9,690 za misitu ya hifadhi ya vijiji, karibu robo ya ardhi yao. Vipande hivyo vilipangwa vigusane kutoka kijiji hadi kijiji. Waangalizi wa misitu walioteuliwa na vijiji walifundishwa kutumia simu janja kuandika walichokiona doriani, iwe mti uliokatwa, mtego au kiota cha sokwe, pamoja na mahali penyewe. Taarifa zile ziliweza kusomwa na kijiji, wilaya na watafiti.

Sitaki uwaambie wananchi kwamba mambo huenda hivyo daima. Miaka ya nyuma nilishiriki mradi mmoja wa kupima miombo katika Mkoa wa Tabora. Tulipima vizuri, ripoti ikaandikwa kwa Kiingereza, nakala zikagawanywa kwa waliotoa fedha, na hakuna aliyerudi kijijini. Nilipopita pale kwa shughuli nyingine, mzee aliyekuwa kiongozi wetu porini alinikaribisha maji, kisha akaniuliza kwa upole, "Ile miti yetu ilikuwa mingapi?" Sikuwa na hata karatasi moja ya kumpa. Najua jibu la swali lake lilikuwepo, na kijiji chake kiligawa mashamba mapya mwaka ule bila kulijua. Utafiti wa aina hiyo unaweza kuwa sahihi kisayansi na bado usiisaidie ardhi hata kidogo.

Ndiyo maana mnahitaji kuzungumza kabla ya futi kamba kutoka mfukoni. Anayefanya utafiti nchini anatakiwa kuwa na kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Wa wanyamapori hupitia pia TAWIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori. Na mgeni anatakiwa kuwa na mshirika wa hapa nchini. Kibali hicho kinamfikisha mlangoni kwenu, lakini mazungumzo ya ndani ni yenu. Mkaribisheni kwenye halmashauri ya kijiji, aeleze swali lake kwa Kiswahili chepesi, na ninyi mumpe la kwenu. Pengine yeye anataka kujua viota vya sokwe vimepungua kiasi gani, na ninyi mnataka kujua kwa nini kijito kinakauka mwezi wa nane. Mara nyingi safari moja ya porini inaweza kubeba maswali yote mawili, iwapo yameulizwa mapema. Muandikiane, hata ukurasa mmoja, kwamba matokeo yatarudi kwa mkutano wa hadhara kabla ya kiangazi kinachofuata, kwamba nakala ya takwimu na ramani itabaki ofisini, na kwamba vijana wanaoongoza njia watalipwa ujira uliokubaliwa na majina yao kutajwa kwenye ripoti wakiridhia.

Mambo mawili husahaulika. Kamera zile hujipiga zenyewe kinapopita kitu chenye joto, na mtu ana joto kama swala. Kubalianeni picha za watu zitafanywaje. Mimi hushauri zifutwe, kwa sababu mama aliyekwenda kuokota kuni hakuja porini kupigwa picha, na kamera ya utafiti ikigeuzwa ya polisi, hakuna atakayeiacha salama. La pili ni mahali pa matambiko, makaburi na mizinga: kijiji kina haki ya kusema sehemu hizo zisichapishwe kwenye ramani inayosambazwa.

Wakati wa kupitia mpango, msikubali pia kuambiwa kwamba takwimu ndizo zinazoamua. Utafiti unaweza kusema kwamba bonde fulani limepoteza nusu ya miti yake na kwamba likilimwa kijito kitajaa udongo. Hauwezi kusema ni kaya ipi ikose shamba. Uamuzi huo, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, uko chini ya vyombo vya kijiji, na mkutano mkuu ndio wenye kuuidhinisha. Hakikisheni tu kwamba wafugaji waliohamia kwenu nao wapo kwenye kikao, maana wao wanajua maji na mbung'o walipo kuliko wengi wetu, na mpaka wa malisho uliochorwa bila wao hauvuki masika moja.

Na vibati. Waambie vijana kwamba mninga hunenepa milimita chache tu kwa mwaka. Tunapima mzingo wake mita 1.3 kutoka ardhini, na mkono wangu mwenyewe, futi kamba ikilegea kidogo, unaweza kukosea kiasi hicho hicho. Nikirudi mwaka mmoja baadaye siwezi kujua kama mti umekua au nimekosea. Nikirudi baada ya miaka sita, kwenye mti ule ule, mahali pale pale, naweza. Kibati ndicho kinachoniambia kwamba ni mti ule ule; kikitoka, miaka sita ya kijiji chenu inafutika kwenye mti huo, na kamati itakapouliza mninga uvunwe kwa kasi gani bila kwisha, hakutakuwa na wa kujibu.

Vile vilivyokwisha kung'olewa, vikusanye bila kumlaumu mtu, andika namba zake na mahali kila kijana anapokumbuka alikitoa, kisha uwapelekee watafiti watakapokuja. Mti wenye kibati ukikutwa umekatwa, chukua kibati, andika tarehe na upana wa kisiki, na uvihifadhi pamoja kwenye faili la kamati. Mti uliokatwa nao unahesabiwa.